Lita Tatu za Kyai Irit

Slondok ni vitafunwa vya muhogo, na sijaona kitu kingine chepesi hivyo kinachouzwa kwa gunia. Ukijitwika gunia zima kichwani na upepo ukaja, unalishika kwa mikono miwili lisiondoke. Nasema hili mapema kwa sababu Baba Mdogo Mujiran alikuwa na jibu moja tu kila alipoulizwa kwa nini kigari cha kikundi chetu kinakunywa petroli kama lori.

"Mzigo mzito," alisema.

Siku Bu Wiryani alipochoka na jibu hilo, alichukua gunia la slondok akaliweka juu ya mizani ya muhogo, mbele ya kina mama wote. Mshale haukusogea. Akaigonga mizani kwa kidole, mshale ukatikisika kidogo, ukarudi ulipokuwa.

"Mzito, Mujiran?"

"Hapa hauonekani, Bu. Huongezeka njiani."

Bu Wiryani, na Bu ni kama kusema Mama, ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wapika slondok, na hana kawaida ya kupandisha sauti. Alifuta mikono kwenye kanga yake ya batiki akasema, "Kutoka hapa hadi soko la Magelang na kurudi ni kilomita arobaini na sita. Kigari cha silinda tatu, kikiendeshwa na mtu mwenye akili, kinakwenda na kurudi kwa lita tatu. Wewe unamaliza sita. Nakupa hadi siku ya soko, Pahing ya kwanza ya mwezi ujao. Siku hiyo tutakausha tangi, tutamimina chupa tatu, na nitapanda mwenyewe. Kisipofika hapa bandani kwa chupa hizo tatu, kinauzwa. Tunarudi kwenye lori la mchanga."

Kina mama waliguna. Lori la mchanga liliwahi kutufikishia slondok sokoni zikiwa unga. Lakini aliyeumia hasa ni Baba Mdogo. Ufunguo aliufumbata mkononi kama mtu anayeficha jino lililong'oka. Alikuwa na miaka arobaini, hana mke, na ameshafukuzwa kwenye basi la shule, kwenye gari la kinu cha mpunga, na hata kwenye kile kitrekta cha kulimia unachotembea nyuma yake, alichofaulu kukiingiza jikoni kwa watu. Kigari hiki peke yake ndicho kilichokuwa hakijamfukuza. Huko barabarani watu humwita Bwana Dereva, naye huitika hata anapoitwa dereva mwingine.

Mimi nilikuwa nakaa kiti cha kushoto. Kazi yangu ilikuwa kuzuia magunia yasizibe kioo, na kuyashusha tukifika. Nimesoma darasa la kwanza hadi la sita, mambo ya injini siyajui. Lakini ukikaa miaka miwili kando ya mguu wa mtu, utaujua.

Mguu wa Baba Mdogo uliondoka nyumbani kana kwamba tumeiba. Kutoka banda letu hadi kona ya kwanza ni hatua sitini, naye alizikimbiza kwa gia ya pili, injini ikipiga kelele, kisha alipoiona kona akashtuka na kukanyaga breki. Kona hiyo ipo tangu babu yake hajaoa. Akiona taa nyekundu kwa mbali alikanyaga mafuta kuiwahi, ili asimame mapema kuliko wenzake. Akikutana na rafiki aliegesha, injini inanguruma, maongezi yanakwenda hadi sigara ya pili. Nyuma kwenye buti alibeba jeki mbili, mfuko wa saruji ulioganda mwaka juzi, na spika kubwa isiyolia. Tairi zilikuwa nusu upepo, kwa maelezo kwamba tairi laini ni kama ndala, humstarehesha mtu.

Yote haya niliyaona, na sikuwa na njia ya kuyasema. Kwetu Java lugha ni mbili ndani ya moja: ya chini, ambayo unaongea na rika lako na mbuzi wako, na ya juu, ambayo unaongea na waliokuzidi, hata mtu mmoja ukimwita ninyi. Baba Mdogo ni baba yangu. Nilipaswa kumwambia kwa lugha ya juu, na katika lugha ya juu hakuna namna ya kusema "ondoa mguu." Neno nililoweza kulifikia ni hili: "Baba Mdogo, huenda bonde lile lingependeza zaidi mkilitazama polepole."

"Kweli bonde zuri," alisema, akalitazama, na mguu haukutoka.

Wiki ile ile Bibi Karsiyem, mama yake Baba Mdogo, alitaka kwenda mjini kurekebishiwa meno ya bandia. Aliwahi mapema, akapanda nyuma katikati ya magunia, akajifunika shuka hadi kichwani, akalala. Baba Mdogo alikuja mbio kama kawaida yake na hakumwona. Mimi nilidhani anajua.

Kwenye mteremko wa mawe niliisikia sauti ya mtu akigumia. Nikageuka nyuma, nikasema kwa lugha ya juu kabisa, "Naomba radhi sana, Mzee wetu. Tafadhali mvumilie kidogo. Kama kuna mahali panapowauma, mtujulishe."

Baba Mdogo alinitazama, akatazama nyuma. Akaona magunia.

"Unaongea na nani?"

Sikuwahi kujibu. Kutoka chini ya magunia ilitoka sauti nzee, isiyo na jino hata moja, na kwa lugha ya chini kabisa: "Toa guu lako hilo! Kila ukikanyaga unanivunja mgongo!"

Zilikuwa ni zile jeki mbili, zikimtelezea Bibi mgongoni kila gari liliporuka. Lakini Baba Mdogo aliuondoa mguu kwenye kanyagio kana kwamba amekanyaga kaa la moto. Kigari kikatulia, kikashuka kimya, nikasikia ndege kwa mara ya kwanza kwenye barabara ile.

"Giyarti," alininong'oneza. "Kimesema."

Nilifungua mdomo nimweleze. Kisha nikauona ule mguu. Ulikuwa unaelea juu ya kanyagio, unaligusa na kuachia, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Miaka miwili nilikuwa nimeusubiri mguu ule. Nikafunga mdomo.

Tulipofika sokoni alikimbilia msalani kunawa uso, nami nikamteremsha Bibi na kumpeleka kwa fundi meno. Alirudi nyumbani kwa pikipiki ya jirani. Sisi tulirudi polepole, na njiani Baba Mdogo aliniuliza, "Ulijuaje mpaka ukakisalimia kwa lugha ya juu?"

"Mimi nilimsalimia mzee tu, Baba Mdogo."

"Sawa," alisema kwa unyenyekevu. "Ni mzee kweli. Miaka kumi na tisa kwa gari ni mingi."

Siku ile tulitumia lita nne na nusu.

Bibi Karsiyem hakuficha kitu. Aliposikia kijiji kizima kinazungumza habari za gari linaloongea, alitoka barazani na meno yake mapya. "Ni mimi! Nilikuwa humo ndani! Ni mimi niliyesema!"

"Mama," Baba Mdogo alimjibu, "mna miaka sabini na saba. Sifa gani tena mnazitafuta?"

"Sifa! Nikuoneshe alama ya jeki mgongoni?"

"Hata mimi ningependa kuwa nimesema maneno mazito kama yale," jirani mmoja alisema kwa huruma, akamshika Bibi mkono, akamrudisha kitini. Bibi aliapa hatapanda gari lile tena, na watu wakasema ni heshima, anaogopa kulikalia.

Huku kwetu upatu wa kasri, au mkuki, au kigari cha farasi cha mfalme, kikishaonesha jambo la ajabu, hupewa cheo cha Kyai, kama vile kusema Mzee Mtukufu. Baba Mdogo alipika wali wa manjano, akachinja kuku, akaita majirani na kukipa kigari jina: Kyai Irit. Irit ni mbana matumizi. Imamu wa msikiti wetu, ambaye naye huitwa Kyai, alikula paja, akaulizwa kama ameudhika. "Kuna upatu una cheo hicho tangu enzi za babu zangu na haujawahi kunifikisha sokoni," alisema. "Huyu angalau anabeba watu."

Tangu wali ule ulipoliwa, hakuna aliyesema gari limefika. Tulisema amefika. Hakunywa petroli tena, alijaaliwa kinywaji. Injini ikizimwa, amejipumzisha. Watoto wakipita mbele yake waliinama, mkono mmoja umetangulia chini, kama wanavyopita mbele ya wageni.

Na Baba Mdogo akabadilika kuanzia miguuni. Alivua ndala kabla ya kuingia. Kukanyaga mafuta aliacha kabisa, aliyaomba. "Naomba ruhusa, Kyai, tupande kidogo," anasema, na mguu unashuka taratibu mpaka gari linajikuta limeshaondoka. Gia alizipandisha mapema, maana si adabu kumfanya mzee apige kelele hadharani. Kona aliiangalia tangu mbali, aondoe mguu mapema, gari lipungue lenyewe, ili Kyai asishtuke. Akikutana na rafiki alizima injini kwanza.

"Vipi, Bwana Dereva, umekuwa bubu siku hizi?"

"Subiri nimpumzishe mzee. Nimwache anahema kwa ajili ya umbea wako?"

Jeki moja ilitolewa, na saruji, na spika. Tairi zilijazwa upepo ipasavyo, kwa sababu ni aibu mzee kutembea na viatu vilivyopinda. Tulishuka hadi lita tatu na nusu. Kisha tukakwama hapo.

Nilichunguza safari tatu nikaona tatizo liko wapi. Baba Mdogo alikuwa hataki kurudi nyuma. Mahali petu pa kuegesha sokoni panahitaji kuingia kinyumenyume, naye alisema huwezi kumwambia mzee arudi kinyume kama punda. Badala yake alizunguka soko zima, mtaa wa wauza nguo, mtaa wa benki, mpaka aingilie upande wa pili, foleni tupu. Kila soko tulichoma petroli ya kilomita saba kwa ajili ya adabu.

Nilikwenda kwa Bibi Karsiyem. Alikuwa bado amenuna.

"Bibi, mtumishi wa kasri akitoka mbele ya mfalme, anatokaje?"

"Kinyumenyume, amechuchumaa. Nani anampa mfalme mgongo?"

"Basi naomba mmwambie Baba Mdogo hivyo hivyo. Msiongeze neno."

"Sasa niwe mshauri wa gari!" Bibi alifoka. Lakini alikwenda. Soko lililofuata Baba Mdogo aliingiza gia ya nyuma, akamnong'oneza Kyai kwamba anatoa heshima kwa soko, wakaingia kinyumenyume kwa unyenyekevu mkubwa, wauza kabichi wakitazama.

Siku ya Pahing ilipofika, sikuwa na hakika. Tangi lilikaushwa. Bu Wiryani alimimina mwenyewe chupa tatu za petroli, akatikisa ya mwisho mpaka tone la mwisho likadondoka, akakaa kiti changu. Mimi nilikaa nyuma, magunia yamenizunguka hadi shingoni.

Tuliteremka vizuri. Tulipofika barabara kuu, Bu Wiryani alitazama nje kwa muda.

"Mujiran, mbona hatuendi?"

"Tunakwenda, Bu."

"Tumepitwa na mkokoteni wa bata."

"Bata wana haraka zao, Bu."

Alivumilia hadi Secang. Hapo uvumilivu ulimwishia, akaupiga ubao wa mbele kwa kiganja. "Songa basi, we kigari!" Kwa lugha ya chini.

Baba Mdogo aliegesha. Akazima injini. Akakunja mikono mapajani na kutazama mbele.

"Nini tena?"

"Bu, ninyi ni mwenyekiti wangu. Lakini naomba mumwombe radhi."

"Nani?"

Akaonesha usukani kwa kidevu. Magari yalitupita. Bu Wiryani alinigeukia, nami nikajificha nyuma ya gunia. Mwisho nilimsikia akikohoa kidogo, kisha akasema kwa lugha ya juu, laini, ile anayoitumia harusini, "Tafadhali, Kyai, mnisamehe ulimi wangu. Tukiridhiwa kuendelea, tutashukuru."

"Ahsante, Bu," alisema Baba Mdogo, akawasha.

Tuliuza, tukapakia magunia matupu, tukageuza. Kupanda ndiko kwenye kazi. Mshale wa petroli ulikuwa umelala chini kabisa tulipoanza mlima wa mwisho. Baba Mdogo alikuwa amemshika Kyai kwenye mwendo mmoja, gia ya pili, mguu haupandi haushuki. Usukani ulilowa jasho. Bandani kwetu palionekana juu, bado kama mita mia tatu, na kina mama wamejipanga.

Hapo kando ya barabara tulimwona mwalimu Pak Darsono, aliyetufundisha sote kusoma, kuanzia Bu Wiryani hadi mimi. Amesimama na baiskeli yake, ameinua mkono.

"Tusimame?" Bu Wiryani aliuliza.

"Tukisimama kwenye mlima huu tumekwisha. Kumwondoa tena ni kikombe kizima cha petroli."

"Na kumpita mwalimu bila kusimama?"

"Nani mkubwa hapa, Bu? Mwalimu ana themanini na moja."

"Na huyu kumi na tisa!"

"Lakini ana cheo."

"Mwalimu hana cheo?"

"Ana pensheni."

"Mujiran, huyo mtu alinifundisha kuandika jina langu!"

Tulikuwa tunamkaribia kwa mwendo wa mtu anayetembea na mtoto. Nilimwona Baba Mdogo akifumba macho na kuyafumbua. Akasimama. Akashusha kioo, akainamisha kichwa. "Karibuni, Mwalimu. Mna shida gani?"

"Mimi?" alisema Pak Darsono. "Sina shida. Nilisimama kumpisha Kyai. Nimempungia mkono tu. Mbona mmesimama ninyi?"

Injini ilikohoa mara mbili, ikazimika. Baba Mdogo alijaribu kuwasha. Akaomba ruhusa, akajaribu tena. Kimya. Zilikuwa zimebaki mita mia mbili.

Alishuka, akachuchumaa kando ya tairi, ndala hana. Wanaume walikuwa wameshaanza kuteremka kutoka juu. "Tusukume!" mmoja akasema, wakaenda nyuma, wakaweka viganja.

Baba Mdogo aliruka kama aliyeumwa na nge. "Mtamsukuma mzee matakoni? Mbele ya Mwalimu?"

Wakaondoa mikono, wakaifuta kwenye suruali.

"Mimi nilisema afike bandani kwa chupa tatu," alisema Bu Wiryani. "Sikusema atafikaje. Lakini hapa hapatoshi kuwa bandani."

Mimi nilikuwa nimetoka katikati ya magunia, na ingawa si kawaida yangu kusema mbele za watu, nilisema. "Mzee asiyeweza kutembea hasukumwi. Hubebwa."

Mwezi uliotangulia tulikuwa tumehamisha nyumba ya mbao ya jirani, nzima nzima, kwa mianzi na mabega. Mianzi ile ilikuwa bado imeegemea ukuta. Ililetwa, ikafungwa kwa kamba chini ya Kyai, mbele na nyuma, watu thelathini na wanne wakaingiza mabega. Wakahesabu, wakainua. Baba Mdogo alitembea pembeni, amekishika kioo cha ubavuni kama unavyomshika mgonjwa mkono, akiwaambia waliotangulia waondoe mawe. Mwalimu alifuata nyuma na baiskeli. Bu Wiryani alibaki ndani, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke, na alipopita juu ya vichwa vyetu aliketi wima, mkoba mapajani, akitazama mbele.

Wakamtua kwenye uwanja wa saruji tunapoanikia slondok. Baba Mdogo alichomoa ufunguo, akaunyoosha kwa mikono miwili.

"Bu, nakubali. Injini imeishia kule."

Bu Wiryani hakuupokea. Alichukua kijiti cha mwanzi, akakitumbukiza kwenye tangi, akakitoa. Ncha ilikuwa imelowa kiasi cha kucha moja. Akainusa.

"Washa."

"Bu?"

"Kule mlimani petroli ilikimbilia nyuma, mrija haukuifikia. Hapa ni tambarare. Washa."

Aliwasha. Kyai akanguruma.

"Ina maana tumembeba mzee mzima wa afya?" aliuliza mtu mmoja, akisugua bega.

"Zimebaki mita mia mbili," alisema Bu Wiryani. "Uwanja huu ukiuzunguka ni mita arobaini. Amalize."

Kina mama walisogeza nyungo za slondok katikati. Baba Mdogo aliomba ruhusa, akaondoka. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Kila kona aliondoa mguu mapema, kila mzunguko Bu Wiryani aliinua kidole. Wa nne. Wa tano ulipokamilika watu walipiga makofi, na Bibi Karsiyem barazani alisema, "Haya, sasa mwambieni Kyai wenu anitibu mgongo."

Lakini Baba Mdogo hakusimama. Wa sita. Wa saba.

"Mujiran, yametosha!"

"Siwezi kumkatiza, Bu!" alisema kupitia dirishani, shingo imenyooka, mguu kama umekanyaga yai. Wa nane. Wa tisa. Bu Wiryani alikuwa ameishiwa vidole vya mkono mmoja na kuanza wa pili, kisha akaishusha mikono yote. Ndani muhogo ulianza kunukia kuungua. Alichukua mwiko wake, akatembea hadi mlangoni, hapo akageuka. Alimsubiri Kyai apite mbele yake, akainama kidogo, akamwarifu kwa lugha ya juu kwamba Jumatatu kuna magunia ishirini ya kupeleka Magelang.

Kisha akaingia jikoni.

Baba Mdogo alisikia. Akaomba ruhusa kwa Kyai, akaikata kona taratibu, wakaanza mzunguko mwingine.